Nilimpokonya hedifoni, akanirudishia muziki wa babu yake

Wazazi wenzangu, wiki hii naanza kwa kukiri kosa. Safu hii huwa naitumia kuwashauri wengine, na wapo wanaodhani kwamba nyumbani kwangu mambo yamenyooka. Hayajanyooka.

Wiki tatu zilizopita, Jumanne jioni, nilimwita kijana wangu mara tatu aje kumsaidia mama yake kuingiza ndoo za maji. Ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, na tangu likizo ianze alikuwa anashinda na hedifoni kichwani. Mara ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu nilimfuata chumbani, nikazivuta zile hedifoni, na aliponitazama kwa mshangao nikamzaba kibao. Sikupanga. Mkono ulitangulia akili. Mdogo wake wa kike alikuwa amesimama mlangoni, anaona.

Hakulia. Alinyanyuka, akaingiza ndoo moja baada ya nyingine, akarudi kulala. Hedifoni nikazifungia kabatini. Siku nne zilizofuata alinipa shikamoo yangu kila asubuhi, akala, akaosha sahani yake, basi. Mwenye mtoto wa umri huo anaujua ule ukimya. Si utovu wa adabu, huwezi kumkamata nao popote, lakini nyumba nzima inausikia.

Jumamosi mke wangu, ambaye ugomvi wetu huwa hauingilii bali anauzunguka, alitupa kazi sisi wawili tu: kusafisha stoo. Huko ndiko tulikokuta boksi la kanda za marehemu baba yangu. Kanda kama 30 hivi, nyingi za dansi na taarabu, moja ikiwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi na mwandiko wake wa kuegemea kulia: "M. Gaye. Usifute."

"Huyu nani, baba?" kijana akauliza. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kwangu, ukiacha salamu, tangu Jumanne.

Nikamweleza nilichokijua. Kwamba babu yake alikuwa kijana Magomeni mwishoni mwa miaka ya 1960, anavaa suruali za kubana na kuchana nywele kwa muda mrefu kuliko dada zake. Kwamba Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku jijini Dar es Salaam, ukaonekana ni wa kigeni na wa kuharibu vijana. Kijana alicheka. Alidhani namtania. Nikamwambia ni kweli, wazee walikuwa na wasiwasi na masikio ya watoto wao hata kabla ya simu. Nilipokwisha kuyasema hayo nilijisikia vibaya kidogo, kwa sababu ambayo sote wawili tuliijua.

Baba hakuwa mtu wa kueleza mambo. Kanda hii aliipata miaka mingi baadaye, imenakiliwa kwenye kibanda cha kurekodi kutoka kanda nyingine iliyokuwa imenakiliwa pia. Aliipiga Jumapili mchana akiwa amefumba macho, na sisi watoto tulijua kwamba muda huo haulizwi kitu. Nilikua nikiujua ule muziki kama mnavyoujua mlio wa feni ya nyumbani kwenu: unavuma, una joto, hauna maneno.

Redio kaseti ilikuwa imekufa zamani, na kanda yenyewe imeota ukungu mweupe kwa hewa yetu hii ya pwani. Nikasema basi, tuiache. Kijana akatoa simu, akaandika jina, akaipata albamu. Nikategemea atabonyeza tu tusikie kwenye spika ya simu. Akasema, "Ngoja baba, hii usiisikilize hivyo. Nakushushia isiyopunguzwa." Halafu akasita. "Ila nahitaji hedifoni zangu."

Nikaenda kufungua kabati.

Nieleze kwanza jambo lenyewe, maana najua wengi mnasoma huku mkijiuliza isiyopunguzwa ni kitu gani. Sauti ikiingizwa kwenye diski ya CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na vipimo hivyo vyote huandikwa. Ni data nyingi. Albamu ya dakika 35 hufika karibu megabaiti 370. Zamani intaneti ilipokuwa ya kusuasua, wataalamu wakabuni njia ya kuipunguza, ndiyo hiyo MP3 tunayoifahamu sote. Programu hukadiria ni sauti zipi sikio halitazikosa sana, ikazitupa. Kwa kiwango kidogo cha kilobiti 128 kwa sekunde, albamu ileile hubaki megabaiti 34 hivi. Kilichotupwa hakirudi.

Isiyopunguzwa, ambayo kwenye programu za muziki mtaiona imeandikwa Lossless, na faili zake mara nyingi huitwa FLAC, hufanya kitu tofauti. Kijana alinieleza kwa kutumia kanga ya mama yake iliyokuwa kwenye kamba. Ukiikunja vizuri inaingia kwenye mkoba mdogo, ukiikunjua unaipata yote: pindo, mji na jina lake. Hiyo ndiyo isiyopunguzwa. MP3 ni yule anayekata pindo ili kanga iingie. Bado utajifunga, lakini kuna kitu kimeondoka. Nikamuuliza mfano huo kaupata wapi. Akasema kautunga hapohapo. Huyu ndiye mtoto ambaye mwalimu wake alisema haelewi fizikia.

Albamu yenyewe ni What's Going On ya Marvin Gaye, iliyotoka Mei 1971 katika kampuni ya Motown, mjini Detroit, Marekani. Jina lake ni swali, kama sisi tunavyouliza kuna nini, kulikoni. Mwaka 2020 jarida la Rolling Stone liliiweka ya kwanza katika orodha yake ya albamu 500 bora za nyakati zote. Orodha za namna hiyo mimi huwa siziamini sana, lakini hii nitawaachia.

Wakati huo Marvin alikuwa amechoka. Tammi Terrell, aliyekuwa akiimba naye nyimbo za mapenzi, alifariki Machi 1970 kwa uvimbe kwenye ubongo, akiwa na miaka 24. Mdogo wake Marvin, Frankie, alikuwa amerudi kutoka vita vya Vietnam na mambo aliyoyaona huko, na walikaa wakazungumza. Wazo la wimbo wenyewe lilianza kwa Renaldo Benson wa kundi la Four Tops, aliyeshuhudia polisi wakiwapiga vijana waliokuwa wakipinga vita huko California. Akaupeleka kwa Marvin, wakaumalizia pamoja na Al Cleveland. Mwenye kampuni, Berry Gordy, hakuutaka. Aliona nyimbo za vita na siasa zitamharibia msanii wa mapenzi. Marvin akagoma kurekodi kingine chochote mpaka utoke. Ulitoka Januari 1971, ukauzika haraka mno, na Gordy huyohuyo akataka albamu nzima upesi. Nyingi ya hizo nyimbo zilirekodiwa mwezi Machi, kwa siku chache tu.

Nyimbo ni tisa, na zimeshonwa pamoja, moja ikiisha mwenzake ameshaanza. Mwanajeshi amerudi nyumbani, anatembea mtaani, anauliza. Anauliza kuhusu vita, dawa za kulevya, watoto watakaorithi dunia hii, hewa na maji yaliyochafuliwa, na mwisho kodi na umaskini wa mjini. Ni mambo ambayo mzazi yeyote huyawaza saa tisa usiku.

Sasa tukae kitako. Kijana alinivisha hedifoni, za waya. Siku zote nilidhani ni za waya kwa sababu ndizo za bei nafuu. Kumbe alichagua makusudi, kwa sababu Bluetooth ya kawaida huipunguza tena sauti kabla haijafika sikioni, na hapo shida yako yote ya kushusha faili kubwa inakuwa bure. Alizinunua kwa hela zake za sikukuu, akajumlisha za miaka miwili. Nami nilizivuta kama mtu anayeng'oa magugu.

Mwanzoni kuna watu wanasalimiana, kama umefika kwenye sherehe na mlango umefunguliwa. Baadhi yao ni wachezaji wa mpira wa Kimarekani wa timu ya Detroit Lions, Lem Barney na Mel Farr, marafiki wa Marvin. Kwenye kanda ya baba pale palikuwa na mvumo tu. Mimi siku zote nilidhani ni hitilafu ya mkanda. Kisha saksafoni ya Eli Fontaine. Inasimuliwa kwamba alikuwa anapasha tu moto chombo chake, Marvin akasema inatosha, hiyohiyo nimeichukua, nenda nyumbani.

"Sikiliza chini sasa," kijana akasema karibu na sikio langu, akiinua hedifoni upande mmoja. "Besi."

Chini kuna James Jamerson. Inasimuliwa pia kwamba usiku ule Marvin alimfuata baa, na Jamerson alikuwa amelewa kiasi cha kushindwa kukaa kwenye kiti, akapiga gitaa la besi akiwa amelala chali sakafuni. Kama ni kweli, basi sakafu ile iheshimiwe. Besi yake haikai mahali pamoja. Inatembea, inarudi, inamjibu mwimbaji, inanyamaza pale usipotarajia. Nimeusikia wimbo huu maisha yangu yote, na sikuwahi kujua kwamba una besi ya namna hiyo. Kwenye kanda ilikuwa mngurumo. Kwenye spika ya simu haipo kabisa, kwa sababu spika ndogo namna ile haina uwezo wa kutoa sauti ya chini kiasi hicho. Ni vizuri kujua, kwa sisi tunaosikilizia muziki jikoni simu ikiwa ndani ya bakuli.

Lakini kilichonikalisha chini ni sauti ya Marvin mwenyewe. Ni wawili. Mmoja anaimba, na mwingine, ambaye ni yeye yule, anaimba pembeni yake kwa namna nyingine kidogo, mara anamtangulia, mara anamfuata. Alikuwa amerekodi mara mbili ili achague iliyo bora, na fundi mitambo akazicheza zote kwa pamoja kwa bahati mbaya. Marvin akazipenda hivyohivyo. Nikazisikia zikitengana na kukutana kama watu wawili wanaotembea njia moja wakizungumza jambo zito. Baba yangu, na Jumapili zake zote zile za kufumba macho, sidhani kama aliwahi kuwasikia wote wawili. Kanda yake ilikuwa imewayeyusha wakawa mtu mmoja.

Nilivua hedifoni nikazipangusa machozi kwa kanzu. Kijana akajifanya anaangalia chaji ya simu.

Niwe mkweli, maana kuna mzazi tayari anahesabu bando. Sehemu kubwa ya tofauti niliyoisikia ilikuwa kati ya kanda mbovu na rekodi nzima, na kati ya spika ya simu na hedifoni nzuri. Baadaye kijana alinifanyia mtihani. Alinipigia kipande kilekile cha isiyopunguzwa na cha MP3 ya kilobiti 320, ambayo ni MP3 ya kiwango cha juu, bila kuniambia ipi ni ipi. Mara kumi nilipatia tano. Yeye alipatia sita, akadai ya saba alikuwa amechoka. Kwa hiyo mtu asikuuzie mitambo ya mamilioni kwa neno Lossless peke yake. Albamu hii kwa isiyopunguzwa inakula megabaiti 200 na kitu. Kama nyumbani hamna Wi-Fi, shusha mara moja tu kwa bando la usiku, uihifadhi kwenye simu, usiivute upya kila siku. Apple Music ilianza kuitoa mwaka 2021 bila kuongeza ada, na Tidal nao wanayo. Ukikosa, CD ya zamani ya mjomba ni isiyopunguzwa tangu siku ilipozaliwa.

Faida niliyoiona mimi ni nyingine. Kwa sababu tulikuwa tumehangaika kuipata, tulikaa. Dakika 35, zamu kwa zamu, chumba kimya, sauti chini. Hilo la sauti chini nilisisitiza, na hapo ubaba wangu ulirudi kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa watoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Ukifika desibeli 90, saa 40 zinageuka kuwa saa nne tu kwa wiki nzima. Vijana wetu hupandisha sauti kwenye daladala ili kufunika kelele ya injini na ya kondakta, hapo ndipo masikio yanapoumia pole pole bila maumivu yoyote ya kuwaonya. Simu nyingi siku hizi zina sehemu ya kuweka kikomo cha sauti. Tuliiweka pamoja. Hakubisha.

Albamu ilipokwisha akaniuliza, "Huyu Marvin bado yupo?"

Ningeweza kusema tu kwamba alikufa zamani. Nikamwambia yote. Baba yake Marvin alikuwa mhubiri, mkali, na alimpiga sana tangu utotoni. Marvin alikua, akawa maarufu dunia nzima, na lile jambo kati yao halikuisha. Tarehe 1 Aprili 1984, mjini Los Angeles, wazazi wake walikuwa wakigombana ndani ya nyumba, Marvin akaingilia, akapigana na baba yake. Baba yake akachukua bastola, ambayo Marvin mwenyewe ndiye aliyempa, akampiga risasi akamuua. Kesho yake Marvin angetimiza miaka 45.

Kijana alikaa kimya. Halafu akasema, hakuninong'oneza wala hakupandisha sauti, "Kwa hiyo hawakuwahi kuyamaliza."

"Hawakuwahi."

Mimi nimelelewa kwa fimbo, kama wengi wenu. Baba yangu hakuniomba radhi hata siku moja, na sikutegemea. Sikujua maneno yenyewe yanaanzaje, kwani hakuna aliyewahi kuyasema mbele yangu. Nikaanza vibaya. Nikaanza kueleza kwamba siku ile nilikuwa nimetoka kazini nimechoka, foleni, maji yenyewe yametoka mara moja kwa wiki. Nikaona anaanza kuitikia kwa kichwa kama anavyowaitikia walimu. Nikaacha. Nikasema, "Nilikupiga kwa hasira na nilikosea. Nisamehe, mwanangu."

Akasema, "Nilikusikia ulipoita mara ya tatu. Nilikuwa nataka wimbo uishe."

"Wimbo gani?"

Akanionyesha. Si Marvin Gaye, ni vijana wa sasa wa hapahapa nyumbani, na nitakuwa mwongo nikisema niliupenda. Lakini niliusikiliza mpaka mwisho, kwa hedifoni, na nikamuuliza ile sauti ya nyuma inayofanana na marimba ni nini. Alinieleza kwa robo saa. Mdogo wake alikuja akakaa katikati yetu akidai zamu yake.

Tumekubaliana mambo mawili. Akiwa na hedifoni, nisimwite kutoka sebuleni kwa kelele, niende nimguse bega. Naye mama yake akiwa anabeba kitu chochote kizito, wimbo unasimama katikati, hata ukiwa mtamu namna gani. Wiki ya kwanza yeye alivunja mara moja, mimi mara mbili.

Ile kanda ya babu tumeipeleka kwa fundi mmoja Kariakoo, mzee, anayedai anaweza kuisafisha ukungu na kuiingiza kwenye kompyuta. Kijana ndiye aliyetaka. Nilimwambia mbona albamu nzima tunayo tayari, tena safi kuliko hiyo. Akasema hiyo safi ni ya Marvin, yeye anataka kuisikia ile aliyokuwa anaisikia babu, na mvumo wake wote. Akamwambia fundi aihifadhi bila kupunguza chochote. Fundi ameomba wiki mbili na malipo nusu kwanza.